Nimepiga Yowe

Jumatano, usiku

Koo linaniwasha. Mimi, karani ambaye hata mkutanoni sauti hunikauka, leo nimepiga yowe likasikika kijiji kizima.

Jirani yangu Mama Shija alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mvua imekata barabara, na huku mlimani simu haishiki mtandao. Yowe ni la wezi na simba, ukilipiga ovyo unatozwa faini. Nikalipiga hivyo hivyo.

Wanakijiji wakaja mbio na marungu.

"Karani, mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi. Kuna mzazi!"

Mzee mmoja akacheka. "Basi shika kitanda, mwanangu, unashangaa nini?"

Tukambeba na kitanda chake, tukavuka mto maji yakitufika kifuani, hadi zahanati. Mtoto wa kike. Wote wazima!

Mama Shija anasema aliponisikia aliacha kuogopa. Aliponisikia mimi!