Nani Kavuruga Makopo Yangu?

Jumatatu, 9 Machi

Gemu letu limevuja! Miaka mitatu ya siri, na asubuhi ya leo liko kwenye simu ya mlinzi wa getini. Amenionyesha mwenyewe, anacheka. Eti dada, hii si kazi yenu? Sekunde arobaini. Karakana ya mchora mabango, ile niliyoichora mimi: rafu, ngazi, meza yenye madoa. Kuta mbili bado hazina rangi. Watu hawana vivuli. Nimeona aibu kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Ofisini kimya cha maji mtungini. Mkurugenzi amepita meza kwa meza na boksi la viatu, anakusanya simu. Mwanasheria anaandikia mitandao: iondoeni, iondoeni. Ikiondolewa huku inaota kule. Kwa waandishi wa habari jibu ni moja tu, hatuna la kusema. Na ole wake atakayeweka hata kialama cha kucheka chini ya maoni ya watu.

Saa sita Mkurugenzi ameniita peke yangu na kufunga mlango. Amesema neno moja: makopo.

Siri hiyo tunaijua wawili. Desemba alinituma niweke alama ndani ya kila nakala ya majaribio, ili ikivuja tujue imetoka kwa nani. Watu ishirini na sita, tableti ishirini na sita. Nikachagua makopo tisa ya rangi kwenye rafu ya karakana. Kila nakala ina mpangilio wake. Nani atahangaika kutazama makopo? Nilijiona mjanja kweli. Nakala yangu nikaipa mpangilio halisi, ule wa Baba. Amechora mabango miaka thelathini na mitano. Karakana ile ni yake, mimi nimeinakili tu.

Sasa huyu aliyerekodi ameisogeza picha hadi kwenye rafu na kuganda hapo sekunde kumi nzima. Makopo yote tisa, peupe. Nyekundu imekaa katikati ya nyeupe mbili. Sikuhitaji hata orodha. Ni nakala ya Fundi Sauti.

Nimemwambia Mkurugenzi picha ina ukungu, nipe siku chache. Picha haina ukungu wowote.

Maana tableti ya Fundi Sauti, Ijumaa ile ya tarehe 27 Februari hadi Jumatatu yake, ilikuwa nyumbani kwetu.

Jumanne, 10 Machi

Nimemkuta Baba sebuleni, mguu juu ya kigoda, goti limefungwa bendeji. Shikamoo. Marahaba. Nikamuuliza taratibu, Baba, ile siku niliyokuletea gemu uione, ulipiga picha?

Ah, amefurahi jinsi gani! Amepiga, tena video. Akamtumia Baba Mdogo, maana yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wake karakanani. "Halafu nilitaka kukuuliza, mwanangu. Nani kavuruga makopo yangu? Nyekundu unaiwekaje kati ya nyeupe? Tone moja tu likidondoka, kopo zima linageuka waridi! Nikamwambia mdogo wangu, hebu tazama mwenyewe."

Kwa hiyo ndiyo maana ya zile sekunde kumi. Watu ishirini na sita hawakuona kitu. Mzee mmoja mwenye goti bovu ameona ndani ya dakika moja.

Baba Mdogo akaipeleka kwenye kundi la ukoo. Kwenye kundi yumo mtoto wa Shangazi, yule tunayemwita Redio. Basi. Ukishamfikia Redio, dunia nzima imesikia.

Sikumwambia Baba kitu. Nimeingia jikoni nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatano, 11 Machi

Nimemfuata Fundi Sauti kwenye kile chumba chake chenye magodoro ukutani. Alikuwa anasugua karatasi ya msasa kwenye ubao, anatafuta sauti ya brashi kavu. Nimemweleza yote, mpaka ya makopo. Akaendelea kusugua.

Alijua tangu Jumatatu. Anasema mwishoni mwa video mtu anakohoa, na kikohozi cha mzee anakijua, alikaa naye wodini siku mbili nilipokuwa sina wa kunipokea.

Nikamwambia nitasema. Akasema usiwe mtoto, Brashi. (Ndivyo anavyoniita.) Kuazimana vifaa ni marufuku, kwa hiyo yeye kosa lake liko palepale. "Ukisema, tunaanguka wawili. Faida iko wapi? Mzee ana oparesheni ya pili mwezi ujao, na bima ni ya kazi yako. Mimi sina mgonjwa."

Nikamkumbusha kwamba tableti niliiomba mimi, kwa sababu yangu ilikuwa imepasuka kioo. Akasema hukuniomba, nilikupa. Si kweli. Niliomba mara mbili.

Nilitoka nimefarijika. Naandika hivyo maana ndivyo ilivyokuwa. Nimefarijika, na najichukia.

Alhamisi, 12 Machi

Kikao cha wote. Wanaotupa fedha za kutengeneza gemu wanataka jina kabla ya Jumatatu. Si barua, si maelezo. Jina.

Halafu Bi Matangazo akasimama, akasema jamani, mmesoma wanachoandika watu? Hawacheki kuta. Wanauliza gemu linatoka lini. Mama mmoja ameandika kwamba marehemu babake alikuwa mchora mabango, na ameitazama video hiyo mara saba. Bi Matangazo anataka tutoe video yetu rasmi wiki ijayo, safi, yenye vivuli, tuwashukuru watu kwa mapenzi yao. Mkurugenzi amekubali. Karakana ndiyo itakuwa picha ya mbele.

Nimefikiria hili siku nzima. Nje tutacheka na watu, tutasema jamani mmetuwahi! Ndani tutamfukuza mtu kwa kitu hicho hicho. Na siwezi kusema kampuni imekosea kabisa. Mimi mwenyewe niliona aibu kuona kuta zangu zikiwa uchi mbele za watu. Kazi ambayo haijaiva ina haki ya kufichwa. Lakini aliyeifichua hakuiba. Mzee alikuwa anajisifia mwanawe, na kugombea makopo.

Mwizi angekuwepo, ingekuwa rahisi sana.

Ijumaa, 13 Machi

Mkurugenzi amesimama mezani kwangu. "Ukungu umetoka?" Nimeandika karatasi yenye mstari mmoja: mpangilio ni wa nakala namba kumi na nne. Nikampa. Namba hiyo ni ya Fundi Sauti.

Kila neno la mstari ule ni kweli. Nimejificha nyuma yake.

Jumapili, 15 Machi

Mashine ya kufulia imekataa tena. Nimefua kwa mikono, mgongo umekoma.

Baba ameuliza kama nimewaambia wale wenzangu warekebishe makopo. Nikasema bado. Akasema waambie, watu wanaoijua kazi watawacheka. Kisha akaniuliza mbona sili. Nikasema nimeshiba. Akanitazama kwa muda, kama anavyotazama herufi iliyokwenda upande.

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo. Angechukua magongo yake asubuhi na kwenda mwenyewe ofisini kuomba radhi, namjua. Nikafunga mdomo. Sijui nilikuwa namlinda yeye au mimi.

Jumatatu, 16 Machi

Saa nne kasoro. Nimekaa kwenye kiti cha korido, nje ya chumba cha mikutano. Fundi Sauti yuko ndani tangu saa tatu. Nasikia sauti ya mwanasheria tu. Ya kwake haipo kabisa.

Ofisa utumishi amenipa karatasi niisome kabla sijaitwa. Nilidhani ni hesabu ya makopo. Siyo. Inasema mimi, mtayarishaji wa alama, nathibitisha kwamba kifaa namba kumi na nne hakikutoka mikononi mwa mwenyewe wakati wowote. Nimeisoma mara nne. Wakati wowote! Nukta nukta za saini ziko chini kabisa.

Huu sasa si ukweli nusu.

Oparesheni ni tarehe 21 Aprili. Daktari ameshaandika. Bila ile ya pili, goti litakaa hivyo hivyo, na Baba hatapanda ngazi tena.

Mlango umefunguka. Fundi ametoka. Amebeba vipaza sauti vyake viwili vya zamani, vile alivyokuja navyo siku ya kwanza kazini, na koti. Hakusimama. Amepita karibu kabisa, akasema kwa chini, "Msalimie mzee." Bila kinyongo! Afadhali angenitukana.

Mkurugenzi yuko mlangoni. Anasema mchoraji, ingia, ni saini tu, dakika moja.

Fundi amebonyeza kitufe cha lifti. Lifti inapanda. Ghorofa ya pili. Ya tatu.

Nimemwita. Fundi, ngoja! Sauti imenitoka kubwa kuliko nilivyotaka, korido nzima imesikia. Amegeuka. Mkurugenzi naye amegeuka. Wote wawili wananitazama, lifti imefunguka na inasubiri, na mimi nimeinamia daftari bado naandika, mjinga mimi, kwa sababu nikiinua kalamu itanibidi niseme