Yeyo Aliyengoja Moto

Kavata na Mutuku, makomredi wa nyumba ya Mama,

Nawasalimu kutoka Kajiado, ambako upepo unatutilia vumbi hadi kwenye chai. Nimeketi na wauguzi wa saratani wanaojifunza mashine mpya, zinazolenga mionzi kwenye uvimbe na kuukinga mwili ulio kando yake. Leo mwalimu alimwalika mgonjwa kutoka Bisil, ambaye sote twamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai.

"Yeyo, mbona ulitoroka matibabu?" mwalimu akamuuliza.

"Sista alisema nitachomwa. Mimi ni mbuzi ya nyama choma ya Kitengela?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mnacheka, na mimi nilienda nyumbani kungoja kufa."

Mwalimu akamuuliza ilikuwaje aliporudi hospitalini.

"Nikalala hapo kwenye kitanda cha mashine. Mashine ikalia, mimi nikangoja moto. Ikanyamaza. Nikauliza, 'Sasa mtaanza saa ngapi?' Wakasema, 'Yeyo, tumemaliza ya leo.'"

Makomredi, neno lilo hilo, 'kuchomwa', ndilo linalomfungia Mama yetu mlango wa tiba ya saratani yake! Basi na tulifukuze vinywani mwetu. Tumwambie ni mionzi, na kwamba haitamuunguza pale kitandani. Ngozi yaweza kuwasha siku za baadaye. Hilo pia tusimfiche, maana Mama hastahili uongo wa upendo.

Yeyo amekubali kufuatana nami hadi kwa Mama, Machakos. Mpigeni Mama busu kwa niaba yangu.

Mkutano ni Jumapili, saa nane mchana, jikoni kwa Mama. Yeyo atahutubia, sisi tutachemsha chai.

Ndugu yenu,
Muthoka