Santuri ya Bi Salma

Alhamisi, baada ya Isha

Vijiko vinne tu vya uji, basi. Bi Salma, mama yake madam ninayemfanyia kazi, alikuwa hajala tangu juzi, na siku hizi hamezi kitu bila zile santuri zake za disko, alizonunua Marekani ujanani mumewe alipokuwa akisoma huko. Kabla kiharusi hakijamfunga ulimi alikuwa akinitania: "Hii ilishika namba moja Marekani nzima, we Mwanaidi, na mimi nilikuwa na kiuno!"

Mimi kila adhana huzima muziki. Ndivyo nilivyolelewa. Leo msikiti wa hapa Muraqqabat, Dubai, ukaadhini Alasiri yeye ndiyo kwanza kafungua kinywa, na ngoma zinadunda. Mkono wangu haukwenda. Kijiko cha pili, cha tatu, cha nne.

Madam akatokea mlangoni. "Mwanaidi! Husikii adhana?"

"Bibi anakula, madam."

"Zima! Khalas!"

Nikazima. Bi Salma akafunga meno. Adhana ilipokwisha nikairudisha santuri ile ile mwanzo, nikambembeleza, "Kula, bibi yangu, kiuno kirudi." Akageukia ukutani. Mpaka sasa hata maji hajanywa.

Kesho wauguzi wanakuja kumtia mpira wa kumlishia puani. Madam analia chumbani kwake.

Nimeswali, nimeomba msamaha kwa kuuacha muziki juu ya adhana. Kisha nikabaki pale pale kwenye mswala, maana kinachoniuma ni kuuzima, na sijui hilo mtu analitubia vipi.