Chuma cha Kushushia Ncha ya Paa

Baba,

Chuma kirefu chenye ndoano, ambacho Mama amekuwa akichochea nacho moto tangu tukuzike, ni chombo chako cha kutolea misumari iliyofichwa chini ya bati. Amesema hivyo leo asubuhi Mzee Ogaro, fundi mwenzako wa Keumbu, akiwa mlangoni mwa jiko.

"Mama Moraa, kumbe unapikia ugali ufundi wa mume wako!"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nilikuwa nikitazama mawingu.

Unajua desturi: mwenye nyumba akifa, kijiti cha kileleni mwa paa hushushwa. Kwenye nyasi ni kukichomoa tu. Lakini wewe uliacha nyasi, ukaezeka bati, na bado ukataka ncha. Uliikunja mwenyewe kwa bati, ukaipachika kileleni. "Nyumba ya bati nayo ina mwenyewe," ulisema. Misumari uliificha chini ya mikunjo. Hukumwonyesha mtu jinsi ya kuitoa.

Baba Mdogo Nyang'au alipanda na nyundo yenye makucha. Bati likachanika juu ya kitanda cha Mama. Mvua ya alasiri haijakosa hata mara moja. Tunatega sufuria, tunasogeza kitanda, tunakisogeza tena. Wazee nao wanauliza kama tumekubali kweli kwamba umekufa. Baba Mdogo anataka kurudi juu na shoka. Mama amemjibu, "Panda. Lakini hapa utalala wewe."

Ndiyo maana nilimwaga sanduku lako la vifaa uani. Mkasi wa bati niliujua. Nyundo ya mbao pia. Ulikuwa ukigongea nayo mikunjo, taratibu, huku umeuma misumari midomoni, na sisi tukikusemesha makusudi ili tuone kama utajibu. Koleo la midomo mipana lilitushinda. Baba Mdogo alisema ni la kumshika ng'ombe pua. Ogaro alipolikuta mkononi mwake alimwambia, "Nyang'au, hilo ni la kukunjia kingo za bati. Ng'ombe wako angekucheka." Kisha akageuka, akakiona chuma ambacho Mama alikuwa akichochea nacho makaa.

Tumekijaribu kwenye ubao. Unakipenyeza chini ya bati, ndoano inaukamata msumari, unagonga mpini, msumari unatoka bila bati kuinuliwa. Ndivyo inavyopasa kuwa. Msumari wa kwanza uliinyoosha ndoano. Ogaro alikitazama chuma, akamtazama Mama, akasema kwa upole kwamba moto umekilegeza, lazima mhunzi akikaze upya. Mama aliingia ndani.

Sijui kama kitakazika. Ogaro naye hajui, ingawa anaongea kama anayejua. Nimezunguka boma mara nyingi leo, na kila nikiinua macho naiona ncha inang'aa, kama vile uko ndani unasubiri chai.

Nenda salama, Baba. Nakuahidi nitaishusha nzima, kwa mikono yangu, na Mama atalala pakavu. Kesho Ijumaa nakipeleka chuma kwa mhunzi wa Ogembo. Jumamosi ni Sabato. Jumapili asubuhi, umande ukikauka kwenye bati, mimi na Ogaro tunapanda.

Mwanao,
Makori