Sura ya Nne ya Parminder

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kitale. Mvua, na stima imepotea tangu mchana. Wiki ijayo natetea tasnifu. Miaka yote hii nikichunguza kodi za maduka ya familia Bungoma, na bado mimi ni mhadhiri wa muda. Nikipita, chuo kimesema kitanipa kazi ya kudumu. Nikianguka — sijui.

Jumanne, 4 Machi
Parminder amepiga simu. Ndiye roho ya sura ya nne: mjane wa Bungoma, muuza spea za baiskeli. Baada ya mazishi aligundua marehemu mumewe alikuwa akificha mauzo, akaenda mwenyewe kwa watu wa kodi kusema ukweli. Leo ameomba nimtoe. Bintiye, Avneet, anaolewa mwezi ujao, na wakwe wamesikia kuna mwalimu anaandika habari za marehemu.

Nikamwambia jina nimelibadilisha. Akaniuliza kwa upole, Bungoma ina wajane wangapi wanaouza spea za baiskeli?

Alhamisi, 6 Machi
Profesa Gathoni, msimamizi wangu, hana shaka. Ati mama alitia sahihi fomu ya ridhaa, sura haitoki. Nikasema alipotia sahihi tulimwahidi anaweza kujiondoa wakati wowote. Akavua miwani.

"Nekoye, bila huyo mama una majedwali tu."

Ni kweli. Jioni nilijaribu kuisoma tasnifu bila yeye. Kama nyumba iliyohamwa.

Jumamosi, 8 Machi
Bungoma. Nilienda kumbembeleza — wacha niseme hivyo hivyo. Nilimkuta akimpimia mteja kutoka Chwele mnyororo. Mteja alipoondoka akanipa chai, nami nikaanza: faida ya utafiti, wafanyabiashara wengine watakaosaidika. Hotuba tupu. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi kodi siogopi, nililipa. Lakini watoto wangu walizika baba mzuri. Sasa wewe unataka wamzike mara ya pili?"

Chai ilinishinda. Nikasema nitamtoa. Akanishika mkono, akauliza kama hilo litaniharibia kazi. Nikasema hapana.

Uongo!

Jumatano, 12 Machi
Nje ya chumba cha utetezi, kwenye benchi.

Watahini walikuwa na nakala za zamani, sura ya nne ikiwemo. Barua pepe niliyowaandikia Jumapili kuwajulisha nimeitoa, hakuna aliyeijibu. Swali la kwanza, kutoka kwa mtahini wa nje: nimweleze zaidi kuhusu yule mjane, amempenda sana. Nikasema amejiondoa, na naomba kurasa zake zisijadiliwe.

Gathoni akatazama dirishani. Mtahini akaifunika sura kifudifudi, akasema basi, tetea kilichobaki.

Nilitetea. Hakikuchukua muda.

Sasa wanajadiliana. Kuna mtu amecheka huko ndani. Huenda hawanicheki mimi. Lakini kifua — ajabu — kifua kimetulia.

Mlango unafunguka. Ni Gathoni, peke yake. Anaurudisha nyuma yake polepole, anakuja kuketi kando yangu, na bado hajanitazama. Naiweka kalamu chini.