Kwa Nini Lori Lako Halikuondoka

Kyuso

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Kabla hata sijakujulia hali, nataka dai langu lisimame wazi: mtumishi wa umma ana haki ya kugoma hata pale mgomo wake unapomuumiza asiye na hatia, na nasema hivyo nikijua kwamba safari hii aliyeumia ni wewe. Sasa niulize: goti limepata nafuu? Mama na dada yangu Filsan hawajambo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ingawa nasikia jina langu huko Mwingi limechafuka.

Dereva wako Mohamedamin alinifikia hapa Jumanne na salamu zako. Alisema mbuzi wamekwisha kupakiwa, wanunuzi wa Nairobi wanangoja, nawe unaomba nitie saini kibali kimoja tu cha kusafirisha mifugo, cha lori lako, kisha nirudi kugoma nipendavyo. Nilipokataa alicheka, akasema atamwarifu mzee kwamba daktari wake wa mbuzi ameugua ukaidi. Nawe, naambiwa, uliwatangazia wachuuzi wenzako mnadani kwamba uliuza mbuzi ili nisome, nami nimesoma hadi nikawafungia mbuzi njia. Walicheka sana. Ningekuwapo, ningecheka pia.

Hoja yako naiheshimu. Unasema mchuuzi hana chama, mvua ikikosekana hana wa kumgomea, kodi yake ndiyo mshahara wetu, na mishahara hiyo imemeza fedha za visima. Lakini Syombua, msaidizi wa mifugo niliyefanya naye kazi, alizalisha mbuzi kwa mikono mitupu kwa sababu glavu hazikuletwa. Akashikwa na brusela, homa inayotoka kwa mifugo, ikamharibia mimba. Mkataba wake wa miezi mitatu ukaisha akiwa kitandani, na hakuongezewa hata siku moja. Mbuzi yule alikuwa wa mchuuzi kama wewe, Baba. Na mshahara uliookolewa kwa kumtupa Syombua haujachimba kisima chochote nilichokiona. Mtu mmoja akidai glavu huitwa mkorofi. Ndiyo maana tuna chama.

Umekuwa ukimlaumu Kasyoka, mwenyekiti wa tawi letu, kwamba mama huyo ndiye aliyeniharibu. Mwombe radhi. Kasyoka ndiye aliyependekeza vibali viendelee kutolewa ili wachuuzi wasiumie. Aliyesimama kumpinga ni mimi. Nilisema mgomo usiomzuia mtu yeyote ni likizo tu, na kwamba wakubwa hawatamsikia Syombua mpaka wawasikie wenye malori. Kasyoka akaniuliza mbele ya wote kama mimi sina mzazi mwenye lori. Nikamjibu kwamba ninaye, na kwamba wakati huo huo yuko mnadani akinunua mbuzi wa kupakia. Kura zikapigwa, hoja yangu ikapita.

Sikuandika ili unisamehe. Nimeandika ili unijibu.

Msalimie sana Mama, na Filsan akazane na masomo. Ila wewe usinijibu kwa simu, wala kwa kumtuma Mohamedamin. Alhamisi nitakuja mnadani. Simama mbele ya wale waliocheka, unieleze ni njia gani nyingine ambayo Syombua angesikika. Ukiwa nayo, nitaipeleka chamani mwenyewe na kuitetea kama nilivyoutetea mgomo. Kama huna, waambie hivyo pia, kwa sauti ile ile.

Mwanao, mtiifu katika mengine yote,

Abdijabar Bile