Kipande cha Zainabu Mguuni Mwako

Shangazi yangu mpenzi,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya jamaa wote wa nyumba hii, natangaza rasmi kifo cha stuli yako, ile uliyokuwa ukilazia mguu. Imefia chini yangu jana baada ya chai. Rukia, mke wangu, asema haikuugua hata siku moja. Iliuawa na uzito. Binti yetu Zainabu aliokota vipande akauliza ilikuwa ya nani. Nikaanza kumweleza, nikajikuta nakuandikia wewe.

Wakumbuka lile donda la kifundoni? Sukari ililifuga miaka, halifungi, mpaka madaktari wakaanza kutaja msumeno.

"Wamesema chini ya goti," nilikwambia.

"Waanze na ulimi wako," ukajibu. Lakini uliufunika mguu kwa leso, kama kwamba wanaoutaka wamekwisha fika mlangoni.

Kisha akaja yule daktari kijana na habari ya utando, ile ngozi nyembamba inayomzunguka mtoto tumboni. Mama aombwe, damu yake ipimwe, utando uoshwe kwa dawa, utandazwe juu ya kidonda. Akasema utando huo una chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na huenda zikaiamsha ngozi iliyolala.

"Hazijaamua?" ukamkazia macho. "Na zikiamua kuwa nywele?"

Mimi nilicheka, wewe hukucheka. Katika nyumba hii kondo la nyuma la kila mtoto limezikwa uani, langu likiwamo, maana kitu cha mtoto kikiangukia mikono ya mbaya wake, mtoto ameisha. Sasa mtu mwenye koti jeupe ataka kukibandika mguuni.

"Mtoto wa nani?" ukamuuliza. "Mamake ajua? Na kinachobaki mwakipeleka wapi?"

Nami, msomi wa nyumba, nilitoka pale namshuku daktari kuliko ulivyomshuku wewe.

Kwa bahati, Rukia alikuwa karibu kumzaa Zainabu. "Utoke kwake, ama nife na donda langu," ukakata shauri. Rukia alikubali kabla sijafungua mdomo. Ukaniamuru niufuate utando kwa macho, tangu kwa mkunga hadi kitandani kwako. Nikaufuata, Shangazi, na tumbo langu hili, nyuma ya muuguzi mwenye bakuli, hadi askari wa hospitali akanishika ukosi: "Mzee, waiba nini?" Kilichobaki nikakizika uani siku ile ile, nawe uliporudi nyumbani ukaupima mchanga kwa bakora.

Siku ya kufungua bendeji, nyama ilikuwa nyekundu, yenye uhai. Utando haukuwapo.

"U wapi?"

"Umeyeyuka, Bibi. Umeingia mwilini mwako."

Hukumtazama daktari, ulinitazama mimi. "Wameuuza. Nawe wamekupa nini?"

Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyesalimika. Zainabu akipata homa, wautazama mguu. Mguu ukiwasha, wauliza kama mtoto amelala. Daktari alipotaja utando wa pili, wa mama usiyemjua, ulimwonyesha mlango, nacho ni chumba chake mwenyewe.

Majirani huku nyuma ya barabara ya Ndia Kuu wahadithia kwamba donda lilifunga kwa juma moja, likaota ngozi ya kitoto. Nawaacha wahadithie. Lakini baina yetu, mambo yalikuwa hivi. Lilifunga polepole, kwa miezi mingi. Daktari mwenyewe hakuapa kama ni utando, au ni sindano za sukari, na ile haluwa tuliyokuwa tukikuficha. Mahali padogo kama punje ya kunde hapakufunga kabisa, hadi moyo wako uliposimama. Waliokuosha walisema kovu lilikuwa jeusi, jembamba, si la mtoto hata kidogo.

Kaburini nilishuka mimi, nikakupokea upande wa miguu. Nikapapasa juu ya sanda, nikaikuta yote miwili. Hakuna aliyeuuza utando, Shangazi. Kipande kile cha Zainabu nimekizika kwa mikono yangu, pamoja nawe.

Pumzika sasa, usimshuku mtu.

Mimi, mwana wa kaka yako